Damu Iliyopimwa Mara Mbili

Mke wangu, Mama Zuhura,

Asalaam aleikum. Natumaini u mzima, na goti la mama limepata nafuu. Mimi sijambo, na wanafunzi wangu wa Kiswahili hawajambo, ila baridi ya huku Ulaya ingali inanichoma masikio. Nashukuru kisomo cha watu wazima kimekuwezesha kujisomea, maana barua hii haifai kusomwa na Zuhura. Funga mlango kwanza.

Siku ile stesheni ya Tabora uliniuliza, "Baba Zuhura, huko una mwingine? Sema tu, nisikae najipaka wanja bure." Treni ikapiga honi, nami nikapanda. Likizo nzima nililala nikitazama ukuta, na sababu sikuijua hata mimi. Basi niliporudi huku nikaenda kwa daktari.

Nikueleze, maana ni jambo la ajabu. Mwanamume ana kichocheo kinachotengenezwa kwenye korodani na kutembea katika damu. Ndicho kinacholeta ndevu na sauti nzito, na hamu pia. Kikipungua sana, hamu hufifia. Siku hizi wanaweza kukipima. Damu hutolewa asubuhi, wakati kichocheo ni kingi, kwani jioni hushuka. Chupa hupelekwa mji mwingine, nawe unangoja.

Jibu likaja: kimepungua. Mama Zuhura, nilifurahi! Nimepata la kukuandikia, kwamba kosa ni la damu. Lakini daktari akasema jibu moja halitoshi kumpa mtu sindano ya kukiongeza. Akauliza, "Mwalimu, usiku ule ulilala vizuri?"

"Nilale saa ngapi? Lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Ibada usiku, kisha daku, kisha nikaja kwako."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwetu mtu hatangazi saumu yake, daktari."

Akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe usingizi ukikosekana, kichocheo nacho hushuka. Tukapima tena baada ya Idi, nikiwa nimelala vya kutosha. Kikawa sawasawa na cha mwanamume yeyote wa umri wangu.

Furaha yangu ikaisha. "Damu haina neno," akasema. "Niambie nyumbani kukoje."

Nikamweleza nilivyokukuta umekuwa balozi wa nyumba kumi, watu wakipiga hodi kabla jua halijatoka. Unaamua kesi ya mbuzi, wazee wa mtaa wetu wa Isevya wanakusikiliza, nami nimekaa pembeni na kikombe changu cha chai kama mgeni. Nilipomaliza kusema, nikajua. Sina mwanamke huku. Nilikuonea haya wewe, kama bwana harusi aliyeletwa kwa mke asiyemjua.

Haya hazina sindano. Nikija, naomba tuanze kwa mazungumzo. Unisimulie miaka hii uliishije. Kama umechoka kunisubiri, niambie pia.

Mpe shikamoo yangu mama. Nisalimie Zuhura na mumewe, na shemeji yangu muuza kanga.

Jibu lako nalingoja kuliko nilivyolingoja la damu.

Ni mimi mumeo,
Baba Zuhura