Matairi Mapana ya Shemeji Yako

Kaka yangu fundi,

Huku hatujambo, na lile dirisha ulilolirekebisha halipigi kelele tena. Shemeji yako amelifunga gari letu la porini matairi mapana. Kiangazi tulikwama mchangani mpaka tukavutwa na ng'ombe, akaapa haitatokea tena. Sasa kila jirani anaitwa aje kuyatazama.

Lakini kaka, mvua imeshaanza. Barabara ya hospitali juu ni tope, chini ni changarawe ngumu. Yale ya zamani, membamba, yalikuwa yanakata tope mpaka yanashika chini. Haya mapana yanapanda juu ya tope, gari linateleza kama sabuni. Juzi tuliishia mtaroni. Nilipomwambia turudishe ya zamani, akacheka: "Mke wangu, tangu lini umekuwa fundi?"

Mimi mzima, ila miguu imevimba. Mkunga anasema mtoto tumboni amelala kingamo, kwa upana, na uchungu ukianza nisibaki nyumbani hata kidogo. Shemeji yako anajua. Anasema, "Wasiwasi wa nini, gari si lipo?" Mvua ikigonga bati, mimi nauwaza ule mtaro.

Matairi membamba yalikuwa nyuma ya nyumba, kuku anataga ndani ya moja. Nimemhamisha kuku, nimeyaosha, nimeyaviringisha moja moja hadi mlangoni. Mimi hanisikii, wewe atakusikia.

Usinijibu kwa barua, kaka. Njoo na jeki.

Mdogo wako, asiyeweza tena kuinama kufunga viatu