Santuri Iliyopigwa Polepole

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yametulia. Sisi wazima, baba bado anatengeneza majokofu na kubishana na redio.

Nimemaliza shule, na ile redio ya roki ya mkoa mliyofanyia kazi wewe na baba zamani imenichukua. Meneja amenipa historia yake niiandike, maana mwezi ujao inatimiza miaka thelathini. Nilifurahi: kazi ya stoo, bila kusema na mtu. Kisha akaniambia nitaisoma mwenyewe hewani. Tangu hapo kila usiku najifungia chumbani nasoma kwa sauti.

Stoo ina dirisha dogo na jua la alasiri. Gitaa hupenya ukutani kama linapigwa chini ya maji, nami nasoma barua za wasikilizaji wa zamani. Wengi wanataja siku ulipopiga santuri ya roki kwa kasi ya chini, gitaa likaburuzika, ngoma zikawa kama moyo wa mtu aliyelala. Dereva mmoja alisimamisha lori akalia, hajui kwa nini. Walikuita Mama Polepole.

Lakini kwenye daftari la zamu umeandika: "Santuri imepigwa kwa kasi isiyo yake. Kosa la fundi mitambo." Fundi alikuwa baba. Kesho yake jina lake halimo tena. Tangu nizaliwe sijawaona mmekaa meza moja. Nimemuuliza, akasema niandike ninachoambiwa.

Niandike nini?

Mwanao

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananisumbua, ila siendi popote, basi tunavumiliana. Andika wanachokikumbuka wasikilizaji. Daftari liache lilale. Siku ya kusoma, kunywa maji ya vuguvugu.

Shangazi yako

13 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nimeandika kurasa sita kama ulivyosema, na zinasomeka vizuri. Ila kila nikifika siku ile namwona baba. Akiwa chumba cha pili anasikia jokofu linalounguruma vibaya. Mtu huyo hakosei kasi ya santuri.

Sitakuuliza tena. Nitasoma tarehe mbili Machi, saa nne asubuhi.

Mwanao

22 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimeianza barua hii mara nne.

Swichi ya kasi niliisogeza mimi, nikipangusa vumbi. Baba yako alikuwa juu ya paa anakaza waya wa antena. Gitaa lilipoburuzika nilitaka kuzima, mkono ukagoma. Lilikuwa zuri mno. Mara mwenye redio akaingia akifoka, nami nikaandika hayo uliyoyasoma. Baba yako alishuka akakuta ameshafukuzwa. Alisoma daftari, akaniangalia, akachukua koti lake.

Wiki iliyofuata barua zikamiminika. Nikasema nilikusudia watu waote ndoto mchana. Kosa nilimpa yeye, sifa nikabaki nazo, miaka ishirini na tatu sasa.

Isome barua hii hewani kama ilivyo.

Shangazi yako

5 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma. Meneja alinishikia karatasi upande mmoja. Nilipofika kwenye barua yako sauti ikawa ndogo, lakini haikukatika. Kisha wakapiga ile santuri, polepole.

Baba alikuwa karakana. Mteja ndiye aliyenisimulia: baba aliacha jokofu wazi, akakaa juu ya kreti mpaka wimbo ukaisha. Kisha akasema, "Paa lilikuwa la moto siku ile."

Jioni alirudi nyumbani. Aliniomba bahasha tu.

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Leo nimepata barua mbili. Yako nimeisoma, tena mara mbili.

Ya baba yako iko mezani. Mwandiko ni ule ule, unaegemea kushoto. Nimefuta meza, nimeketi, nimeishika, nimeirudisha. Nakujibu wewe kwanza. Nikishafunga hii, naifungua yake.

Shangazi yako