Herufi Zenye Manyoya

Jumatatu, 8 Septemba

Nimechapa barua tatu, wosia mmoja, na kazi ya mwanafunzi wa chuo yenye kurasa arobaini. Feni bado mbovu. Kompyuta mpya leo siku ya nne. Mama Zehra, mwenye duka, anaipitishia kitambaa kila asubuhi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, ila nailoni ya kiwandani iliyobandikwa kwenye kioo hataki iguswe. Vumbi, anasema. Chumvi ya bahari. Nailoni ya makochi ya nyumbani kwake ina miaka tisa na anajivunia.

Herufi sizioni vizuri. Zina manyoya pembeni. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 9 Septemba

Kichwa kinauma tangu saa nne. Nimesogeza kiti mbele, nikasogeza nyuma. Nimepunguza mwanga wa kioo, nikaongeza. Hakuna kitu. Kompyuta ya zamani ilikuwa kikweche, lakini herufi zake zilikuwa wazi mpaka ilipokata roho.

Najua ninachokiogopa. Nakiandika hapa mara moja nisirudie. Mama. Presha ya macho. Ugonjwa unafuata ukoo, daktari wake alituambia wote. Ulimwanza akiwa na miaka arobaini na saba. Mimi nimetimiza arobaini na saba mwezi wa pili.

Nikipofuka nitafanya nini? Miaka kumi na minane sijui kazi nyingine ila kuchapa.

Alhamisi, 11 Septemba

Nilikwenda Mikindani kumwona mama. Anasuka ukili barazani, vidole vinakwenda vyenyewe. Akaniuliza mbona nimenyamaza. Nikasema joto.

Mama alituficha miaka miwili. Alikuwa akimimina chai kwa kusikiliza sauti ya kikombe kinavyojaa, sisi tunadhani anatazama. Tulijua siku alipompa mkono wa pole mtu ambaye si mfiwa. Nilimkasirikia sana wakati ule. Kwa nini hukusema mapema, mama, dawa zipo! Sasa na mimi nipo hapa kimya. Mavi ya kale hayanuki, lakini haya ni mapya.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimetoa nailoni.

Nilifika kabla ya Mama Zehra, nikaanzia kwenye kona kwa ukucha, nikaivuta taratibu. Ilitoka nzima. Nilikuwa na uhakika kabisa kwamba ni yenyewe. Nikawasha. Nikafungua barua ya Jumamosi.

Manyoya yaleyale.

Nilikaa na ile nailoni mapajani mpaka Mama Zehra alipoingia. Kelele zake zilifika hadi kwa fundi saa ng'ambo ya barabara. "Somoe! Umemvua nguo mtoto wa watu!" Nikaendelea kuikunja nailoni. Alidhani nina kiburi. Mimi nilikuwa nimeishiwa nguvu tu, maana sasa hakuna wa kusingiziwa tena. Si nailoni. Ni mimi.

Jumatano, 17 Septemba

Nimejaribu kumimina chai nimefumba macho. Nimeungua kidole. Mjinga.

Alhamisi, 18 Septemba

Siku mbaya.

Mzee Chilumba wa Mahurunga amerudi. Wiki iliyopita nilimchapia makubaliano ya kugawana shamba la mikorosho na mdogo wake. Mwandiko waliutuma kwa picha kwenye simu, nikaufungua kwenye kompyuta, nikachapa. Mpaka wa upande wa mtoni ni hatua sabini na nane. Mimi nimeandika sabini na tatu. Mtendaji wa kijiji amekataa kugonga mhuri, na mdogo mtu sasa anasema kaka yake alitaka kumpunja kwa makusudi. Hawasemezani. Watu waliozaliwa tumbo moja.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliweka karatasi mezani, akasema, "Mwanangu, zile hatua nimezipiga kwa miguu yangu hii. Wewe umezikata umekaa kitini."

Nilichapa upya nikiwa nimetoa ulimi kama mtoto wa darasa la kwanza, namba moja moja, nikamsomea yote kwa sauti. Mama Zehra alinitazama tu. Nilitarajia maneno makali. Hakusema neno, na hilo limenitisha zaidi. Huenda ameshaanza kutafuta mchapaji mwingine.

Nimeamua. Jumatatu hospitali. Liwalo na liwe.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimeaga kwamba nina mgonjwa. Si uongo sana.

Foleni ndefu. Daktari wa macho ni mwanamke mdogo kuliko mimi, ana sauti ya mwalimu. Nilisoma ubao wa herufi mpaka mstari wa mwisho. Akapima presha ya macho, jicho la kulia, la kushoto. Akaweka dawa ya kutanua mboni, akachungulia nyuma ya jicho muda mrefu mpaka nikaanza kusoma dua.

Macho mazima. Yote mawili.

Nilimwambia haiwezekani, kwenye kompyuta naona manyoya. Akauliza, kwenye karatasi je? Karatasi safi. Simu? Safi. Msahafu? Safi. Akaweka kalamu chini. "Sasa dada, mbona umeniletea macho? Ungeniletea kompyuta." Ila amesema kwa sababu ya mama nirudi kupimwa kila mwaka, nisikose. Nitarudi.

Nimelia kwenye bajaji. Dereva akanipa pole ya msiba. Nimeitikia.

Jumanne, 23 Septemba

Dawa imeisha machoni. Leo nimeiangalia ile kompyuta kama adui.

Mama Zehra hatupi boksi la kitu chochote. La kompyuta lipo juu ya kabati, na kamba yake. Alipokwenda benki nikalishusha. Ubavuni pameandikwa 1920 kwa 1080. Ndani kuna kijitabu, nikakisoma chote kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Kioo cha namna hii kina nukta zake za mwanga za kudumu, zimepangwa kiwandani, haziongezeki wala hazipungui. Kinataka kipimo hichohicho cha kwenye boksi. Ukikilazimisha kipimo kidogo, kinatandaza herufi kwa kukisia, na zinatoka na ukungu.

Nikaingia kwenye mipangilio. Kipimo kilichowekwa: 1280 kwa 720.

Nimebadilisha. Kioo kikawa cheusi kidogo, kikarudi. Ya Rabi! Herufi nyeusi, kali, kila mkia na kila nukta mahali pake. Ndogo kidogo, lakini safi. Nane ni nane. Tatu ni tatu. Nimechapa barua ya mtu asiyekuwepo, kwa raha tu.

Jumatano, 24 Septemba

Manyoya yamerudi.

Nikasema, daktari amekosea. Kisha nikafungua mipangilio. 1280 kwa 720. Macho yangu hayana hatia, kuna mtu anabadilisha. Nilishukuru kwanza, hasira ikafuata baadaye. Nimerudisha. Funguo za duka tunazo watu wawili tu.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimefika saa moja kasoro. Mlango wazi. Mama Zehra kakaa kwenye kiti changu, miwani juu ya kichwa, pua inakaribia kugusa kioo. Hakunisikia.

Nilikuja na maneno yangu tayari. Nilimwita tu, akageuka, akanieleza.

Kumbe hawezi kusoma herufi ndogo tena. Tangu Ramadhani, anasema. Barua zake za kuagiza mizigo anaandika mwenyewe alfajiri, watu wasimwone. Siku ileile kompyuta ilipofika alibonyeza hapa na pale mpaka herufi zikawa kubwa, akafurahi; jana alipozikuta ndogo, alizirudisha. Nilipotoa nailoni alikasirika kwa hofu kwamba nitagundua alichobonyeza. Alhamisi ile ya Mzee Chilumba alihisi kosa limetokana na kubonyeza kwake, akashindwa kusema. "Somoe, mwenye duka la karatasi asiyeona karatasi, watu watasema nini?"

Nilimkasirikia. Nayaandika haya kwa sababu ni kweli. Wiki mbili na nusu nimejizika mzima kwa ajili ya aibu yake. Kisha nikakumbuka kikombe cha chai cha mama, na kidole changu kilichoungua, nikavuta stuli nikakaa.

Kijitabu kina ukurasa wa hilo pia. Kipimo kiache cha kiwandani, ukuze maandishi peke yake. Nimeweka asilimia mia na hamsini. Herufi zikawa kubwa vilevile anavyozitaka yeye, na safi ninavyozitaka mimi. Alizisoma kwa sauti, anwani ya duka letu, mara mbili. Akasema hakujua kwamba yanawezekana yote mawili.

Bado alisogea karibu mno kuzisoma. Nimemwambia kesho tunakwenda kwa yule daktari, na simuulizi.

Ijumaa, 26 Septemba

Tumekwenda, tumerudi kabla ya swala. Mtoto wa jicho, yote mawili. Anatibika. Tarehe ya kusafishwa jicho la kwanza ameshapewa. Njia nzima amekuwa akinisomea mabango, mengine kwa kubahatisha, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Kisha akaniomba msamaha, kwa sauti ya chini, akitazama nje.

Jumamosi, 27 Septemba

Mzee Chilumba amepita na karatasi ina mhuri. Alikuja na mdogo wake. Wamefanana mpaka vikohozi. Nimewaambia kosa lilikuwa la dukani, si la kaka mtu. Mama Zehra alikuwa nyuma ya kaunta, akasema, "Kosa langu mimi." Wakampa pole hata kabla hajaeleza.

Jumapili, 28 Septemba

Mikindani. Nimemwambia mama yote, tangu manyoya mpaka mhuri.

Hakuacha kusuka. Mwisho akasema, "Mimi nilinyamaza miaka miwili, wewe wiki mbili. Umenishinda, mwanangu." Akacheka. Nikalia kidogo, nikacheka na mimi.

Chai nilimimina mimi. Macho wazi, nayatazama yake, yale yasiyonitazama. Nilikuwa nafikiria jinsi alivyokuwa peke yake miaka ile yote.

"Basi," akasema. "Kimejaa."