Kiti cha Miguu Mifupi

Dandora, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Mpenzi Mama Nekesa,

Hamjambo huko Kimilili? Mvua uliyoililia imefika, au mahindi bado yanatazama juu? Mimi ni mzima, ila kidole gumba nimekigonga kwa nyundo, kwa hivyo usiucheke mwandiko. Na Nekesa wetu, kile kikohozi kimemwacha?

Nina habari, na tangu Ijumaa natabasamu nayo peke yangu njiani.

Huku nyumba zinaota kama uyoga, na kazi yangu ni milango na madirisha. Sasa Mwalimu Wanjiru, wa nasari ya kanisa, akaniagiza kiti cha mtoto aitwaye Kamau. Ana miaka minne, hawezi kuketi mwenyewe wala kusema vizuri, mwili umelegea kama wa Nekesa. Unajua moyo wangu ulivyofanya. Nikamtengenezea kiti cha mbao za saiprasi chenye mkanda wa kiunoni na kimeza mbele, tena kirefu, ili mama yake amlishe bila kuinama. Nilikipiga msasa mpaka inzi angeteleza.

Ijumaa nikakipeleka nasari, Mwalimu akakitazama. "Fundi, hii kiti iko juu sana. Kata miguu."

"Nikate? Na mgongo wa mama yake?"

"Kwani ni mama yake anakuja nasari? Kata ikuwe sawa na benchi ya wengine."

Nilinuna, lakini mwenye kazi ni yeye. Nikachukua msumeno.

Kamau akafungwa mkanda, akasogezwa mezani. Mama yake alisimama mlangoni, leso mdomoni. Watoto walikuwa wakifinyanga ng'ombe wa udongo. Walimkodolea macho kidogo, kisha wakamsahau. Mara kasichana kakapiga kelele: "Ticha! Kamau amechukua ng'ombe yangu na amekataa nayo!"

Kweli! Mkono uliokuwa ukining'inia tu ulikuwa umeshika ng'ombe, na Kamau anacheka mpaka mate yanamtoka. "Kamau, rudisha," Mwalimu akamkemea, kama anavyomkemea yeyote. Hakurudisha ng'o.

Mama yake akaanza kulia. Nikadhani ameudhika. Akaniambia, "Fundi, tangu nimzae watu wananipa pole tu. Leo ndio mara ya kwanza anashtakiwa."

Mama Nekesa, nilishangaa hata nikausahau msumeno pale. Mungu ni mkubwa! Huruma tumempa Nekesa tele. Wa kugombana naye ndiye hajampata.

Najua mama yangu humpeleka Nekesa chumba cha ndani wageni wakija, kwa kuogopa midomo ya watu. Simlaumu, anampenda mjukuu wake. Msomee barua hii polepole, hasa hapo pa ng'ombe. Kisha umwone mwalimu wa nasari ya kanisani kwetu, umwambie Januari tunamleta Nekesa.

Nisalimie Mama, na kaka yangu Wafula anayetulimia shamba, na dada yako mshonaji, mwambie suruali imenitosha.

Chukua kamba umpime Nekesa: kiunoni hadi gotini, gotini hadi kisiginoni, kila mahali piga fundo, uitie kwenye bahasha. Na kabla hujaifunga bahasha, pita nasari upime pia benchi la watoto.

Ni mimi mumeo,
Baba Nekesa