Jarida la Kufuma la Chumba cha Dada Paskalina

Shikamoo dada Paskalina.

Ni mimi mdogo wako Boay, ambaye kwa sasa ndiye mwenye neno la mwisho juu ya majarida ya kufuma kuanzia Dongobesh mpaka Katesh. Usicheke. Huku hakuna jarida linalolipiwa mwaka mzima kabla sijalikagua. Juzi nilishuka stendi na majarida matatu kwapani, bodaboda wote wakazima pikipiki kwa heshima. Wengine wanasema walikuwa wameishiwa mafuta. Hao wana wivu tu.

Tangu tukuzike, chumba chako cha mbele hakijafungwa. Wale kina mama wako wa kufuma bado wanakuja, na binti yako Veronika ndiye anawasimamia. Anafanana na wewe akiinamisha kichwa. Siku nyingine napita mlangoni nataka kuamkia, halafu nakumbuka.

Shida ilikuwa mitindo. Uliondoka nayo kichwani, dada, yote. Walipomaliza kufuma waliyoikumbuka, wateja wakaanza kulalamika kwamba sweta za kwetu zote zimezaliwa tumbo moja. Veronika akasema wachange, walipie jarida moja, liwe linakuja kila mwezi kwa sanduku la posta la parokia. Likishindikana anafunga chumba, anaenda Babati kuuza dukani kwa mtu. Alisema hivyo bila kuniangalia. Nikamwambia, "Mwanangu, hilo niachie mimi. Nimesoma mpaka darasa la tano, na la sita nililiona vizuri kupitia dirishani."

Nikapanda gari mpaka Arusha. Kwenye duka la vitabu wakanipa nakala za zamani za majarida matatu, za kujaribia. Nikachagua linalong'aa. Dada, karatasi ile ungeweza kujitazama ukinyoa ndevu! Ndani watoto mashavu kama nyanya, na kila sweta imeandikwa umri wa mtoto wake. Nikasema hili hapa, fumeni. Kina mama wakafuma sweta za shule za watoto wa Mogitu, wakifuata umri kama ulivyoandikwa.

Najua umeshaliona kosa. Sisi hatukuliona! Mtoto wa miaka minane huku kwetu anafumiwa sweta ya miaka kumi na miwili, maana ndani anavaa nyingine ya kaka yake, na hiyo ya juu inatakiwa imfikishe darasa la saba. Lile jarida linapima mtoto mwenye shati moja, tena nyumbani kwao kuna moto wa kuota uliojengewa ukutani. Halijui asubuhi ya Mogitu, chai inavyoganda kabla haijafika mdomoni.

Wazazi walikuja kama wanaokuja kudai mahari. Baba mmoja mrefu alimsukuma mwanawe mbele, mikono ya mtoto imesimama pembeni kama mbawa za kuku, akaniuliza, "Mjomba, huyu kavaa sweta au kafungwa bandeji?" Jirani yako Mama Amsi alicheka mpaka akatoka nje. Veronika hakucheka. Alianza kukusanya nyuzi, anazitia kwenye mfuko.

Ndipo nikakukumbuka ulivyokuwa. Mtu akikuletea kazi yake umsifie, hata awe bibi harusi, ulikuwa husifii. Unasema tu, "Geuza." Unatazama nyuma, kwenye mafundo na nyuzi zilizokatwa ovyo. Nikamwambia Veronika angoje. Akasema, "Wewe ndiye ungoje, mjomba." Lakini aliweka mfuko chini.

Tukayaangalia upya yote matatu. Lile linalong'aa halionyeshi nyuma ya sweta hata moja. La pili nyuzi zake zote zina majina ambayo sokoni Dongobesh hawajawahi kuyasikia, na nakala zake za zamani zinarudia kofia ileile, wamebadilisha rangi tu. Ungelipia mwaka mzima upate kofia moja! La tatu karatasi yake ni ya kufungia maandazi. Ila linaonyesha mbele na nyuma, lina michoro ya vijumba vya kuhesabia mishono, isiyodai Kiingereza, na linasema pima kifua, kisha ongeza nafasi ya nguo za ndani.

Veronika akakataa kuamua kwa macho. Akasema kila jarida lifuatwe na mtu asiyejua kufuma kabisa. Wote wakanigeukia mimi. Nilikubali, walihitaji mtaalamu. Kwa lile la kwanza nilifuma wavu. Kwa la pili, sijui, Mama Amsi alisema ni ugonjwa. Kwa la tatu kikatoka kitambaa cha ukubwa wa kiganja, pembe nne, zote zinaonekana. Veronika akakigeuza, akakitazama nyuma muda mrefu. "Tulipie hili," akasema, akaanza kutoa nyuzi mfukoni.

Sweta za Mogitu tulizifumua, tukaongeza nyuzi, tukazifuma tena. Sasa zinafika magotini, wazazi wamefurahi.

Basi pumzika, dada yangu. Veronika haendi Babati. Nakuahidi kila mwezi nitalifuata jarida mwenyewe, tope liwe la magoti, na likianza kurudia kofia nitalikatisha siku hiyohiyo.

Ila kuna kitu kidogo. Sikuacha kufuma. Nikiwa machungani, ng'ombe tu wananiona. Nimemaliza soksi moja, kisigino chake kimekaa juu ya vidole. Naivaa ndani ya buti. Jumapili nilikaribishwa kwa Mama Amsi, sakafu imedekiwa, ikabidi nivue buti. Wakaiona wote. Wakauliza nani kafuma kitu kile.

Nikasema ni wewe.

Mama Amsi akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Maskini, atakuwa alishaanza kuumwa." Dada, nisamehe. Niliitikia.

Mdogo wako,
Boay