Siku Niliyofaulu Mtihani wa Vitambaa

Jumatatu, 3 Machi
Naandika kwa kushoto, mwandiko kama kuku kaparura. Miezi mitatu tangu kioo cha duka kinipasue kiganja cha kulia. Hospitali wakasema eti neva imeshtuka tu, itapona.

Leo mtu wa mazoezi ya viungo kanifumba macho, kanipa vitambaa nipapase. Hariri, jinzi, kaki. Nimepata vyote! Kaandika: hisia zinarudi, asubiri. Nimerudi nyumbani kichwa juu.

Jumatano, 16 Aprili
Daktari mpya, wa upasuaji. Kachoma gumba kwa sindano, cha shahada, cha kati. Nilikuwa natazama dirishani — hata sikujua ameanza.

Neva ilikatika siku ileile ya kioo! Hospitali wakashona ngozi tu. Mimi fundi cherehani, nikimshonea mtu gauni nikaacha bitana ya ndani imechanika, si angenirushia usoni?

Atakata kipande cha neva mguuni, aungie mkononi. Inaota milimita moja kwa siku, na misuli haisubiri. Ikinyauka, ni kuhamisha kano tu, zile kamba za misuli: gumba litakunjika, kuhisi ndiyo basi. Akauliza nani alisema hisia zinarudi.

Mimi! Miaka ishirini ya vitambaa, nikisugua kitambaa nakijua kwa mlio. Sikuhisi kitu, nilisikia. Nilitaka kazi yangu. Sikio la kufa halisikii dawa — langu likasikia hadi hariri! Wiki sita zimekwenda bure.

Alhamisi, 17 Aprili
Mdogo wangu, ninayeshona naye: si ungesema tu huhisi, dada? Nimemfokea hadi mteja katoka. Hajanikosea kitu.

Na yule mpimaji, hana akili ya kuniziba masikio? Wapumbavu wote. Mimi wa kwanza.

Alhamisi, 24 Aprili
Operesheni kesho asubuhi. Daktari alionya: mkono usipate hata mchubuko, kidonda kikiingia vijidudu anaahirisha. Nami kiherehere — nimalizie gauni la bibi harusi, pasi tu.

Harufu ya kuungua. Nikakagua gauni. Liko zima! Nikaligeuza. Zima. Mdogo wangu akapiga yowe: dada, kidole! Gumba limeegemea pasi. Lengelenge hili hapa, kubwa.

Anauliza linauma? Haliumi! Lingeuma ningelia kwa furaha.

Kashika simu ampigie daktari, hajapiga. Anasema tukifunga bandeji vizuri, huenda kesho wasilione. Nimemwambia piga, mweleze yote.

Inaita.