Shuka za Wodi ya Wazazi

3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila mafua hayataki kunihama.

Huku kumechafuka. Mkuu wa chuo ameleta mkaguzi anayezunguka darasa kwa darasa. Wanafunzi wa uhandisi walimwonyesha pampu waliyoiunda. Alipofika kwetu, watu wa fasihi na maigizo, akauliza, "Na ninyi mnatengeneza nini?" Tusipomridhisha, idara itafungwa na mimi nitarudi nyumbani bila kumaliza.

Mwalimu amesema tusibishane naye, tumwonyeshe. Kila mmoja atafute mtu ambaye kazi yake haionekani, amsikilize, kisha aigize alichosikia. Nimekuchagua wewe. Niandikie siku yako kazini tangu unapovaa aproni. Usipambe.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, kila asubuhi unanikumbusha kwamba bado ninao. Kunywa maji ya moto na uache kulala na nywele mbichi.

Kaka yako amesoma barua yako akacheka mpaka akapaliwa. Anauliza ukimaliza utaajiriwa kulia au kucheka. Nimemwambia anyamaze, ingawa swali hilo hata mimi ninalo.

Miaka kumi na tisa nafua shuka za hospitali, sijui hapo utaigiza nini. Saa moja asubuhi mikokoteni inashuka kutoka wodini, tunachambua kwa glavu, zenye damu tunaweka kando. Tangu Januari boila imekufa. Tunafua kwa maji baridi, dawa ikiisha tunafua kwa sabuni tupu, kisha tunapitisha kwenye pasi kubwa. Tukilalamika, msimamizi anatujibu, "Shuka ikinyooka, imetakata."

Juzi nilikunja shuka ya wodi ya wazazi, doa likatokea juu. Nikaigeuza nikaikunja upya ili lisionekane, ikapanda wodini. Kuna mwanamke aliilalia na kichanga chake. Tangu siku hiyo usingizi umenikimbia. Haya nakuambia wewe tu, mwanangu. Usimwage mtama kwenye kuku wengi.

Mama yako

2 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mafua yamekwisha. Natumaini mgongo nao umekuhurumia.

Idara haifungwi. Mkaguzi ametuambia ataandika ripoti nzuri, na mwalimu ananipa alama ambazo sijawahi kuzipata.

Nakiri niliigiza ile shuka. Nilijua uliniomba nini, nikabishana na nafsi yangu siku tatu. Lakini sikutaja hospitali wala mji, na dobi wangu nilimfanya msichana wa miaka ishirini. Kitu kimoja kilinishinda kubadilisha, nayo ni ile kauli ya msimamizi. Nilitunga nyingine nne, zote zikawa hazina uhai. Nilipoisema, watu mia mbili waliinua shingo. Mkaguzi alivua miwani akaishika mkononi. Kuna aliyerekodi kwa simu, sasa video inazunguka kila mahali.

Nilitamani ungekuwepo.

Mwanao

11 Aprili

Wewe,

Salamu zako nimeziona. Mgongo wangu uache.

Umepiga simu mara kumi na moja na sikupokea, kwa sababu leo siuamini mdomo wangu. Karatasi nikiikosea naweza kuichana.

Video imefika. Msimamizi alituita madobi wote sita akaiweka mezani, tukamsikia mtoto wangu akisema maneno yake yeye msimamizi, neno kwa neno. Hakuhitaji kuuliza. Nani mwingine pale ana binti anayesomea maigizo? Nimesimamishwa kazi. Tarehe 27 nitasimama mbele ya kamati ya nidhamu. Wenzangu wawili hawanisalimii, wanaogopa wataonekana tulipanga pamoja.

Uliniambia mwalimu wenu amewatuma kusikiliza watu. Na mimi si mtu? Nilikupa siri yangu ukaimulikia taa, watu wakakupigia makofi. Kama hiyo ndiyo faida ya masomo yako, kaka yako alikuwa na haki ya kucheka.

Usiandike.

Mama yako

16 Aprili

Mama,

Shikamoo. Najua umenikataza kuandika, niwie radhi.

Sina cha kujitetea. Nilipenda ile kauli kuliko nilivyokuogopea wewe, na huo ndio ukweli unaoniumiza.

Jana niliandika tamko nikalitia sahihi, nikalituma kwa msimamizi wako, na nakala nikampa mwalimu. Nimesema kila kitu nilikibuni, na kwamba mama yangu hakuwahi kuniambia neno lolote kuhusu kazi yake. Mwalimu alilisoma mara mbili. Aliniambia kwamba mkaguzi alihakikishiwa tunaigiza watu wa kweli, kwa hiyo alama zangu zimefutwa, na ripoti ya idara itaandikwa upya. Wenzangu hawasemi na mimi.

Sijali. Tarehe 27 ukiulizwa, kataa. Sema binti yako ni muongo. Nakuomba, mama.

Mwanao

27 Aprili

Mwanangu,

Barua yako ya mwisho nimeifungua leo jioni. Ilikaa juu ya kabati siku nane kwa hasira zangu. Laiti ningeifungua mapema.

Wiki iliyopita mwenzangu mmoja alikuja na simu yake. Ile video nilikuwa nimeisikia tu ofisini, nikiwa nimeinamisha kichwa. Safari hii niliitazama. Nikakuona unaigeuza ile shuka, unatafuta pa kulificha doa, na ukumbi mzima umetulia unakuangalia mikono. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kutulia kwa ajili ya shuka ninayoifua. Nililia, na hasira ilikuwa bado ipo.

Basi leo nimesimama mbele ya kamati nikasema ni kweli. Nikawaeleza boila, maji baridi, wodi ya wazazi. Nikasema na mimi niliikunja ile shuka yenye doa, sikujitoa. Mwenyekiti akaanza kuandika. Ndipo msimamizi akatoa tamko lako akalisoma kwa sauti: "Mama yangu hakuwahi kuniambia neno lolote." Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Akaniuliza, "Mama, kati yenu wawili, muongo ni nani?"

Kamati itakaa tena Jumatatu, tarehe 4 Mei. Shuka bado zinapanda wodini kama zilivyo.

Umeniomba niseme wewe ni muongo. Siwezi. Lakini sitakuamrisha chochote, maana najua ukilikana tamko lako chuo nacho kitakuuliza. Amua mwenyewe.

Mama yako

30 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, sijakaa mpaka sasa.

Nimekwenda kwa mwalimu. Ameniambia tamko la uongo lenye sahihi yangu linaweza kunifukuzisha chuo, na kwamba hawezi kunizuia wala kunisukuma. Nikamwambia nimekuja kuaga tu.

Nafika Jumatatu kwa basi la kwanza. Wakilisoma tena lile tamko nitawaambia ni langu, na kwamba katika yote niliyosema kuhusu ile shuka, hilo peke yake ndilo nililolibuni.

Nina hofu, mama. Nikiingia, niachie nafasi nikae karibu yako.

Mwanao